Kibarua wa Shamba Hajaandikwa: Maoni kutoka Emali

Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Methali hii ni miongoni mwa zile ambazo kila mwanafunzi wa Kiswahili ameitungia insha angalau mara moja. Tunaifahamu, tunaisifu kwa ufupi wake, tunaeleza maana yake ya nje na ya ndani, kisha tunarudi kula. Ni nadra kumkuta anayeuliza huyo mmoja ni nani. Je, ni yule mwenye hati ya shamba? Ni yule aliyetoa fedha za mbegu na dawa? Au ni yule aliyeinama tangu alfajiri akipalilia ndengu za mtu mwingine kwa ujira wa siku?

Katika mji wa Emali swali hili si la nadharia. Emali iko kandokando ya barabara kuu na reli ya Mombasa hadi Nairobi, mahali inapochepuka barabara ya kwenda Loitokitok, kwenye mpaka wa kaunti za Makueni na Kajiado. Tangu 2017 reli mpya nayo ina stesheni hapo. Upande mmoja ni Ukambani, upande wa pili ni Umasaini. Vitunguu na nyanya za mashamba ya kumwagilia maji ya Kimana na Loitokitok hupitia hapa. Ndengu, mbaazi, kunde na maembe ya Makueni hupitia hapa pia. Palipo na mazao ya namna hiyo, na palipo na watu wengi ambao ardhi yao ni ndogo au mvua yao haitoshi, hapakosi vibarua. Na pale mwajiri na mwajiriwa wanapokutana, mmoja akiwa Mkamba na mwenzake Mmasai, lugha wanayopatania bei ni Kiswahili. Kwa maneno mengine, ndugu msomaji, kazi ya shamba katika sehemu hii ya nchi huanza kwa Kiswahili kabla haijaanza kwa jembe.

Hoja ya makala haya ni moja. Fasihi yetu ya Kiswahili imemtumia mkulima kama ishara, lakini haijamtazama mfanyakazi wa shamba akiwa kazini. Tumeandika mengi juu ya unyonge wake. Kazi yake yenyewe tumeiruka. Na maadamu kazi haijaandikwa, hata huo unyonge tunaouandika unabaki kuwa wa kukisia.

Kibarua na karatasi yake

Tuanze na neno lenyewe. Kibarua ni barua iliyotiwa kiambishi cha udogo. Jina hili lilitokana na kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuwa ushahidi wa kazi yake, kisha likamhamia mtu mwenyewe. Baadaye ukoloni wa Kiingereza ulimwongezea karatasi nyingine. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika nchini Kenya kubeba kipande. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Ndani yake mliandikwa jina lake, waajiri wake na mshahara wake.

Kwa hiyo mfanyakazi wa shamba aliingia katika maandishi mapema sana, ila aliingia kama kumbukumbu ya mwajiri. Katika sarufi tumemtendea haki kidogo: twasema kibarua amefika, wala hatusemi kibarua kimefika, ishara kwamba lugha inamtambua kuwa ni mtu. Katika matumizi mengine tumempokonya hata kazi yake. Mkurugenzi wa shirika akifutwa, magazeti huandika kwamba kibarua chake kimeota nyasi. Yule ambaye kazi yake ni kung'oa nyasi zenyewe hatajwi popote. Tumechukua sitiari kutoka shambani, tukamwacha mwenyewe hapo hapo.

Kioo cha Uholanzi

Ili tuone hali yetu vyema, natuombe kioo kwa watu wa mbali. Katika karne ya kumi na sita na ya kumi na saba, nchi ambazo leo ni Uholanzi na Ubelgiji zilikuwa na biashara kubwa ya picha za chapa. Njia mojawapo ya kuzitengeneza ilikuwa hii: fundi alilipaka bamba la shaba nta, akachora juu yake kwa sindano mpaka shaba ikaonekana, akalitia bamba hilo katika tindikali ili mistari ichimbike, kisha akalipaka wino na kulipitisha mtamboni pamoja na karatasi. Bamba moja lilitoa nakala nyingi. Mtu wa mjini asiyekuwa na uwezo wa kununua picha ya rangi za mafuta aliweza kununua ya karatasi. Na miongoni mwa mambo yaliyopendwa sana katika picha hizo ni maisha ya wanavijiji.

Watazame wachoraji wachache. Pieter Bruegel, aliyefariki 1569, alichora mwaka 1568 mchoro wa msimu wa kiangazi ambao baadaye ulichongwa katika bamba na kuchapwa Antwerp. Ni picha ya mavuno ya ngano. Mvunaji mmoja anakata kiu kwa mtungi mkubwa, na mguu wake umevuka mpaka wa picha kana kwamba unataka kumkanyaga mtazamaji. Ni picha yenye nguvu ajabu. Lakini uso wa mvunaji huyo umezibwa na mtungi, na mwenzake aliyebeba kapu la mazao, kapu hilo limechukua nafasi ya kichwa. Baadaye, Jan van de Velde wa Pili alichapa mfululizo wa miezi kumi na miwili, ambamo mandhari na kazi hubadilika mwaka unapogeuka, nao watu ni wadogo mno ndani ya mandhari.

Mfano unaotufaa zaidi ni Adriaen van Ostade wa Haarlem, aliyeishi kati ya 1610 na 1685. Aliacha picha za chapa zipatazo hamsini, na nyingi mno kati ya hizo ni za wanavijiji. Hebu tuulize wanafanya nini. Wanakunywa, wanavuta kiko, wanacheza ngoma, wanasali kabla ya chakula. Mwanamke anasokota uzi, fundi anashona viatu, watu wanachinja nguruwe. Kumkuta mkulima wake akilima ni nadra. Katika kazi zake za ujanani wanavijiji ni walevi na wagomvi wa kuchekwa. Katika zile za baadaye wametulia na wana staha. Hata hivyo, kutoka kicheko hadi staha, shamba limebaki nje ya dirisha.

Sababu si ngumu kuielewa. Mnunuzi alikuwa mtu wa mjini. Alitaka kucheka, au kujionya dhidi ya ulevi, au kupumzisha macho baada ya hesabu za duka lake. Mgongo unaouma haukuwa miongoni mwa mambo aliyotaka kuyaangika ukutani.

Hadi mwaka 1885 ndipo Mholanzi mwingine, Vincent van Gogh, alipochora familia ya wakulima wa kijiji cha Nuenen wakila viazi chini ya taa, akaichapa picha hiyo pia kwa jiwe ili nakala zipatikane. Katika barua kwa nduguye alieleza kusudi lake: alitaka mtazamaji atambue kwamba mikono inayochukua viazi sahanini ndiyo iliyovichimba ardhini. Hata yeye hapo hakuchora shamba. Alichofanya ni kuleta kazi mezani, katika vifundo vya vidole.

Jambo moja, hata hivyo, lazima tuwape wachapaji hawa haki yao. Walikuwa watazamaji makini. Ukitaka kujua mundu wa wakati huo ulikuwa na mpini gani, au kapu lilisukwa vipi, au jiko la maskini lilikaa wapi, picha zao zitakujibu. Walificha uso wa mfanyakazi, wakamcheka, lakini vifaa vyake waliviheshimu. Sisi tumefanya kinyume chake: tumemheshimu mkulima kwa maneno makubwa, lakini vifaa vyake na mikono yake hatukuvitazama.

Mnunuzi wetu naye ni nani?

Huenda msomaji akauliza, Haarlem na Ukambani wapi na wapi? Jibu liko Wamunyu. Sanaa ya uchongaji wa kibiashara ya Wakamba inahusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza Tanganyika alipokuwa vitani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kutoka kwake ufundi ulienea hadi ukawa riziki ya maelfu, na chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba huko Changamwe, Mombasa, kinajulikana na kila mgeni wa Pwani. Wachongaji hawa hutoa nini katika mpingo na muhugu? Twiga, simba, kifaru, na moran wa Kimasai mwenye mkuki. Mchongaji mwenyewe mara nyingi ni mkulima. Mvua ikinyesha huweka tezo chini akashika jembe. Lakini mtalii hakuagiza mama aliyeinama juu ya tuta la kunde, na kwa hivyo huyo mama si bidhaa. Soko la sanaa limeamua nani aonekane, kama lilivyoamua Haarlem.

Hatuwezi kusema kwamba Afrika Mashariki haikuwa na mchoraji wa kazi za kijijini. Sam Ntiro, aliyezaliwa 1923 Machame kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mlima ambao asubuhi ya anga safi huonekana kutoka Emali, alisoma na kufundisha Makerere, na baadaye akaiwakilisha Tanganyika mjini London. Muda wote wa maisha yake ya usanii, mpaka alipofariki 1993, alichora wanakijiji wakifanya kazi kwa pamoja. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku imo katika mkusanyo wa jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York. Ni wangapi kati yetu, wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, tumewahi kuitaja kazi yake tunapojadili usawiri wa maisha ya kijijini?

Na picha ya chapa inayosambaa zaidi nchini mwetu tumeishika sote: ni noti. Katika noti mpya za Kenya zilizotolewa 2019, ile ya shilingi 100 imetengewa kilimo. Hupita katika mikono ya kibarua jioni ya siku ya malipo, kisha hupita tena dukani kabla giza halijaingia vizuri.

Riwaya zetu na shamba

Sasa turudi nyumbani kwetu, katika fasihi. Haitakuwa kweli kudai kwamba shamba halimo katika riwaya ya Kiswahili. Limo tangu zamani. Katika Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyotoka 1968, mhusika mkuu anaiacha kazi ya mjini na kwenda kulima Busutamu. Shaaban Robert aliipa kazi ya jembe hadhi ambayo wasomi wengi wa wakati wake hawakuipa. Hata hivyo, shamba la Utubora ni chuo cha maadili. Jasho lake linatufundisha utu. Halitufundishi sana namna udongo unavyoshikana baada ya mvua, wala nani analipwa nini.

Katika Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1975, Tumaini anakuwa mkulima mkubwa, na mgongano wake na siasa ya Azimio la Arusha ndio kiini cha mkasa. Tunamkumbuka Tumaini. Nani anawakumbuka waliolima mashamba yake? Adam Shafi alituingiza katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja kwa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978, na hapo dhuluma dhidi ya wafanyakazi inaonekana wazi kuliko kwingineko. Lakini tazama mlango tunaoingilia: hata jina la riwaya ni la kasri. Katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyotoka 2012 na kusomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa shule za sekondari nchini Kenya, Amani anaajiriwa kuchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora. Uchungaji wake ni njia ya kumfikisha karibu na Mtemi na siri zake. Ng'ombe wenyewe ni pazia.

Nasisitiza kwamba sizungumzii upungufu wa kisanaa. Hizi ni kazi ninazoziheshimu, na kila mwandishi ana haki ya kuchagua kiini chake. Nazungumzia pengo ambalo linaonekana tunapoziweka kazi hizi pamoja. Na tunajua kuwa pengo hilo linaweza kuzibwa, kwa kuwa Adam Shafi huyo huyo aliliziba upande wa pili. Katika Kuli, iliyotoka 1979, kazi ya bandarini Zanzibar inaonekana: mizigo ina uzito, mabega yana maumivu, hatari ina jina, na mgomo wa 1948 unachipuka kutoka katika kazi yenyewe, wala haushuki kutoka katika hotuba. Mchukuzi wa bandari amepata riwaya yake. Kibarua wa shamba bado anasubiri yake.

Sisi wahakiki nasi hatujasaidia. Ukipekua tasnifu zetu utakutana na mhusika mkulima akiwa mwakilishi wa tabaka la wanyonge, akipambana na ubepari, ukoloni mamboleo au mfumo dume. Ni uchambuzi halali. Lakini ukiondoa neno mkulima ukaweka neno mwalimu au dereva, sura nzima husimama bila kutikisika. Uchambuzi ambao haubadiliki mfanyakazi anapobadilika haukumtazama mfanyakazi.

Kazi yenyewe

Ni kipi basi ambacho hakijaandikwa? Nitatoa mifano michache kutoka mashamba ya upande wa Emali na Makueni kwa jumla.

Wa kwanza ni fanya juu. Mtaro huchimbwa kuukata mteremko, ukifuata usawa wa ardhi, na udongo hutupwa upande wa juu ukawa tuta. Kila mvua inaponyesha, udongo unaoteremka hukwama kwenye tuta, na baada ya miaka kadhaa shamba lililokuwa mteremko huwa ngazi. Kazi hii hufanywa kwa sururu, sepeto, mtaimbo na karai, na aliyeifanya anajua kuwa kutupa udongo juu ni kazi nzito kuliko kuutupa chini. Jina hili la Kiswahili, lililozaliwa kwenye vilima vya Ukambani, limeingia katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo na hutumika hata Ethiopia. Wahandisi wa kilimo wamelikopa neno letu kwa heshima. Mimi binafsi sijakutana nalo katika riwaya yoyote ya Kiswahili niliyosoma.

Nyuma ya neno hilo kuna historia ambayo mwandishi yeyote angeitamani. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliitaja wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, kuwa mfano wa ardhi iliyoharibika kupita kiasi, na wakaamua kupunguza mifugo ya watu kwa nguvu. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba kwenda Nairobi kupinga kunyang'anywa ng'ombe wao. Kuchimba matuta kwa shuruti nako kulichukiwa. Lakini miaka ilivyopita watu, hasa wanawake katika vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi kwa zamu, waliichukua kazi ile ile waliyoichukia ilipokuwa ya shuruti, wakaifanya kuwa yao. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa kuwa kitabu mwaka 1994, ulionyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko wa udongo ulipungua. Hiki ni kisa cha mabadiliko ya nafsi na ya jamii, chenye mgogoro, mpindo wa ploti na wahusika. Wanauchumi wamekisimulia. Sisi watu wa visa tumenyamaza.

Mfano wa pili ni kusubiri mvua. Ukambani una misimu miwili, masika na vuli, na inayotegemewa zaidi ni vuli, ambayo huanza Oktoba. Wakulima wengi hutia mbegu katika udongo mkavu kabla ya tone la kwanza, ili mvua ikija isipotee hata siku moja. Hiyo ni bahati nasibu ya mwaka mzima. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano mfululizo ilivunjika. Mvua ikikosa, mwenye shamba hupoteza mbegu. Kibarua hupoteza palizi, hupoteza mavuno, hupoteza upuraji na upakiaji, na hakuna daftari lolote linaloandika hasara yake, kwa sababu siku ambayo hakuitwa kazini si siku iliyoandikwa popote.

Mfano wa tatu ni ndengu. Maganda yake hayaivi pamoja, na hivyo mchumaji huupitia mstari uleule zaidi ya mara moja, akichagua yaliyokauka kabla hayajapasuka na kumwaga punje. Kisha maganda huanikwa, hupurwa kwa fimbo, na punje hupepetwa pale upepo unapofaa. Tazama vitenzi vinavyojitokeza katika kazi hii na nyingine kama hizo: kufyeka, kutifua, kupalilia, kupunguza miche, kudondoa, kuanika, kupura, kupepeta, kupukuchua, kukung'uta. Kila kimoja kina mkao wake wa mwili. Twasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kibarua wa ndengu huinama kutwa nzima, na hakuna cha mvunguni kinachokuwa chake. Mwandishi akisema tu kwamba mhusika alifanya kazi shambani kutwa nzima, amevitupa vitenzi vyote hivi katika sentensi moja. Msomaji aliyekulia mjini hataona kitu, na lugha itakuwa imepoteza nafasi ya kutumia hazina yake.

Pingamizi

Najua yatakayosemwa. La kwanza, kwamba riwaya si mwongozo wa afisa wa kilimo, na maelezo ya namna ya kupura ndengu yatamchosha msomaji. Nakubali kwamba maelezo yasiyo na mtu ndani yake huchosha. Lakini msomaji hakuchoshwa na mizigo ya bandarini katika Kuli, kwa sababu kila mzigo ulikuwa juu ya bega la mtu tuliyemjua. Tatizo si kazi kuwamo. Ni kazi kuwamo bila mtu, au mtu kuwamo bila kazi.

La pili, kwamba kuitukuza kazi ya jembe ni kupamba umaskini. Hatari hiyo ni ya kweli. Ndiyo iliyowakuta baadhi ya wachapaji wa Uholanzi, ambao wanakijiji wao waliotulia waliwafurahisha matajiri waliotulia. Dawa yake ni kuandika kwa ukamilifu: ujira ulikuwa kiasi gani, ulilipwa lini, nani alipima gunia, mtoto aliachwa na nani. Kazi ikiandikwa pamoja na malipo yake haipambiki kwa urahisi.

La tatu, kwamba mambo ya Ukambani ni ya fasihi ya Kikamba. Na yaandikwe kwa Kikamba pia, tena kwa wingi. Lakini nimekwisha kueleza kwamba huko Emali makubaliano ya kazi hufanywa kwa Kiswahili, na mashamba ya Loitokitok huwakusanya watu wa lugha mbalimbali katika mstari mmoja wa vitunguu. Kiswahili hicho ni Kiswahili cha kazi, nacho kinastahili kusikilizwa na wale wanaojiita watetezi wa Kiswahili. Tukidai kuwa Kiswahili sanifu peke yake ndicho chenye haki ya kuingia kitabuni, tutakuwa tumerudia kosa la soko lile la picha, la kuchagua sura zinazopendeza ukutani.

Wito

Kwa hayo yote, napendekeza mambo matatu kwa wanachama wenzangu na kwa walimu wetu.

Kwanza, katika tasnifu zetu, anayechunguza usawiri wa mkulima aongeze swali moja dogo: mhusika huyu anaonekana akifanya nini kwa mikono yake, na kwa vitenzi gani? Ukurasa mmoja wa jibu utatuonyesha mengi kuhusu mwandishi na kuhusu sisi.

Pili, vyama vyetu vina desturi njema ya safari za kitaaluma, na safari hizo huelekea Mombasa, Lamu au Unguja. Sina ugomvi na Pwani, chimbuko la lugha yetu. Ila natoa rai kwamba safari moja ije Emali na vijiji vyake wakati wa palizi. Tukusanye msamiati wa kazi, nyimbo za vikundi vya mwethya na visa vya vibarua wenyewe. Tuombe idhini yao, tuwataje kama wenye maarifa wakikubali kutajwa, na tuwalipe muda wao, maana saa moja ya mahojiano ni saa moja ya ujira. Tukirudi chuoni, tuwapelekee tulichokiandika wakisikilize na kukisahihisha. Wanakijiji wa Haarlem hawakuulizwa kama picha zao zilifanana nao.

Tatu, wale kati yetu wanaotunga, na najua tuko wengi ingawa twaficha daftari zetu, wajaribu hadithi fupi moja ambayo haitoki nje ya shamba. Isiwe na mwanasiasa mwovu anayekuja kwa gari kubwa, wala kijana anayekimbilia mjini. Iwe na mstari wa ndengu, watu watatu wanaouchuma, mwenye kupima gunia, na jua. Kama fasihi yetu imekomaa kama tunavyodai, hayo yatatosha kuleta mgogoro, tena mgogoro ambao msomaji hatausahau kwa haraka.

Vuli huanza Oktoba na palizi hufuata Novemba, wakati ambapo muhula bado unaendelea na kalenda ya chama haijajaa. Tukiikosa vuli hii, masika yako mbele. Lakini wazee wanaojua nyimbo za kuchimbia matuta hawatungoji misimu yote.